Beji Yenye R Mbili

Sajini Wekoye aliitua ngoma mezani kwa Mwalimu Cherono, akaivua gunia taratibu kama anayemvua mgonjwa shati. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kitale ilikuwa bado na ile baridi yake ya kuuma masikio, na huko nje wachoma mahindi walikuwa ndio wanapepea makaa.

"Hii ndiyo imemweka mtoto wa watu ndani?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Na mkubwa wenu anasemaje?"

"Anasema Jumatatu kortini. Karatasi ya mashtaka ameshaiandika. Imebaki sahihi yangu tu."

Mwalimu Cherono aliguna. Alikuwa amefundisha muziki miaka thelathini na miwili katika shule za Trans-Nzoia na Bungoma, na pensheni yake ilikuwa bado inazunguka ofisi za Nairobi kutafuta mtu wa kuinuka kitini. Siku hizi aliishi kwa kuthamini vyombo vya zamani. Mtu akiwa na akodioni ya babu yake au tarumbeta ya kanisa, alimletea, naye alimwambia ni ya mwaka gani na asikubali kuiachilia chini ya bei gani.

Kesi yenyewe, ukiisimulia haraka, ilikuwa hivi. Mzee Mukhisa wa Saboti, mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa na ngoma aliyopewa mwaka wa sitini na tatu, wakati walowezi walipokuwa wanafunga klabu yao na yeye ni kijana wa kufagia ukumbi. Aliipiga kwenye bendi za dansi, akaipiga harusini, na alipookoka akaipiga kanisani. Mkewe, Nelima, alizikwa miezi mitano iliyopita. Wiki hii mzee aliitoa ngoma kwa mara ya kwanza tangu mkewe alazwe, akaja kituoni akasema ngoma iliyo nyumbani si yake, beji ya kiwanda si ile, imebadilishwa. Mtu pekee aliyewahi kukaa nayo alikuwa Kipketer, fundi wa vyombo vya muziki, aliyeichukua wiki nzima mwaka jana kuitia ngozi mpya. Alikamatwa Ijumaa jioni. Wakubwa hupenda kukamata Ijumaa jioni, maana korti imefungwa hadi Jumatatu na mtu maskini huoza seli siku mbili bila yeyote kuuliza. Alipoulizwa, Kipketer alisema maneno matatu tu: "Sina la kusema." Mkubwa akasema huko ndiko kukiri.

Wakubwa hawapendi kesi yenye beji. Wanapenda kesi yenye mtu.

Mwalimu hakuipiga ngoma. Ilikuwa snea, ile ngoma fupi yenye nyaya chini zinazoifanya ilie kwa kukwaruza. Aliizungusha tu, pembeni, mpaka tundu dogo la kupumulia likamtazama. Juu ya tundu hilo palikuwa na kibao cha shaba chenye umbo la ngao, kidogo kuliko kiberiti.

"Huanzi na sauti," alisema. "Sauti ni mwongo. Ukibadilisha ngozi umebadilisha sauti. Unaanza na beji. Kiwanda hubadilisha beji kama vile serikali inabadilisha noti, kwa hiyo beji ndiyo cheti cha kuzaliwa cha ngoma."

Alifungua daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Kurasa zote zilikuwa na michoro ya beji kwa penseli, ngoma zote alizokutana nazo katika miaka yake ya tamasha za shule.

"Hiki kiwanda kilikuwa na beji tatu. Ya kwanza ngao, mpaka hamsini na saba. Halafu duara, mpaka sitini na saba. Baada ya hapo wakaishiwa na heshima, wakaanza kubandika karatasi. Mbao ni ile ile, fundi labda ni yule yule. Lakini yenye karatasi nitakwambia elfu kumi na tano. Yenye ngao, laki mbili na nusu, na mzungu atakushukuru. Ngao peke yake, imeng'olewa bila ngoma, inauzwa."

"Kwa hiyo hii ni ya laki mbili na nusu?"

"Ngoja." Alichukua kioo cha kukuzia. "Angalia hii pete inayoshikilia beji. Kiwandani inabanwa kwa mashine, inachanua kwa ndani kama ua, petali sawasawa. Hii ni pete ya turubai, ya lori. Imegongwa kwa nyundo." Alisukuma ukucha chini ya kibao kikainuka kidogo. "Na hapa chini. Unaona rangi?"

Wekoye aliinama. Mbao ilikuwa imefifia kwa jua la miaka mingi, lakini chini ya ngao palikuwa na doa lililobaki jekundu mbichi, na doa hilo halikuwa na pembe. Lilikuwa la mviringo.

"Kivuli," Mwalimu alisema. "Hii ngoma ilivaa duara miaka hamsini. Halafu juzi juzi mtu akaivua duara, akaivisha ngao. Ni mtoto wa kambo huyu, amevishwa nguo za marehemu."

"Basi mzee anasema kweli. Imebadilishwa."

"Mlikuwa hammwamini?"

Wekoye alitoa steitimenti ya mzee mfukoni. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mkono wake. Sentensi moja ilikuwa imewachekesha kituo kizima, mpaka konstebo mmoja akaisoma kwa sauti pale jikoni huku ameshika kikombe. Aliisoma sasa tena: "Yangu iliandikwa Harrow. Hii imeandikwa Harrow. Ndio nikajua nimeibiwa."

Mwalimu Cherono hakucheka. Alifunua daftari ukurasa mwingine, ambako palibandikwa karatasi nyembamba iliyosuguliwa kwa penseli mpaka herufi zikajitokeza nyeupe. "Tisini na nane, tamasha la shule. Mzee Mukhisa alikuja kutupigia. Nilimwomba niisugue beji yake. Soma."

"Harrow Drum Company, London."

"Sasa soma ya kwenye ngoma."

"Harrow Drum Company, London."

"Sajini, hujasoma. Umetamka. Weka kidole, soma herufi moja moja."

Wekoye aliweka kidole. Kwenye karatasi ya penseli: H, A, R, L. Kwenye kibao: H, A, R, R. Alirudia. Alikuwa amezaliwa Naitiri, na kwao hizo herufi mbili ni ndugu wanaoazimana mashati, hakuna anayeuliza leo nani amevaa ya nani. Mzee alikuwa amemwambia ukweli wote siku ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuandika mara mbili kwa R.

"Alikuwa anaona tofauti," alisema polepole. "Kusema tu ndio hakuweza. Na mimi sikuweza kusikia."

"Haya basi, mpelelezi. Hiyo R inakwambia nini?"

Wekoye alikaa. Aliona jambo likijipanga. "Mtu mwenye ngoma halisi mkononi angenakili herufi. Hana haja ya kubahatisha. Kipketer alikaa nayo wiki nzima."

"Eeh."

"Aliyechonga hii hakuwahi kuiona ile. Aliambiwa kwa mdomo. Na mdomo wenyewe ni wa kwetu. Kipketer ni mtu wa mlimani, ulimi wake haujawahi kuchanganya hizo mbili." Tayari alikuwa na jina: Hillary, mpwa wa mzee, muuza simu wa Bungoma, ambaye wanakijiji walisema amekuwa akiimezea mate hiyo ngoma tangu Nelima alazwe.

Lakini alipokichukua kile kioo aangalie kwa mara ya mwisho, mkono wake ulisimama hewani.

Zile R zilikuwa na mguu mrefu. Mguu wa mbele ulitoka nje ya mstari, ukajikunja mwishoni kama mtu anayejikwaa. Wekoye alikuwa ameutazama mguu huo kwa miaka minne, kila Krismasi, kila Pasaka, kwenye bamba la shaba la msalaba mmoja huko Naitiri, katikati ya jina Peris.

"Ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Najua aliyeichonga," alisema, akaanza kurudisha ngoma guniani.

Kwanza alipitia kituoni. Kipketer aliletwa kwenye korido akiwa peku, mshipi umechukuliwa, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, vidole vina magamba ya gundi.

"Kipketer, ile beji hukuichonga wewe."

Kipketer alivuta suruali juu kidogo.

"Nina ushahidi. Sema tu nani, ulale kwako leo."

"Afande, nilishasema sina la kusema."

"Ni Hillary?"

Kipketer aliinua uso, na kilichokuwa usoni pake kilikuwa mshangao wa kweli. "Hillary? Hillary hajui hata kushika kijiti." Akakumbuka, akafunga mdomo.

"Unamficha nani? Mtu gani anastahili ufungwe miaka mitatu kwa ajili yake?"

"Wewe ukiapa mbele ya mgonjwa," Kipketer alisema, "unaapua aje? Niambie afande. Kama iko njia ya kuapua, ya kukirudisha kiapo, niambie."

Alirudishwa ndani. Mkubwa alipita akielekea garini, kofia kwapani. Gari la kituo lilikuwa na mafuta ya kumpeleka kwenye harambee ya Mheshimiwa mbunge, ila mafuta ya upelelezi yalikuwa yamekwisha tangu mwezi uliopita. "Wekoye! Ile faili ya ngoma umemaliza?"

"Bado kidogo, mkubwa."

"Bado nini? Mtu unaye, kitu unacho. Usitafute shida kwa kitu kama sufuria."

Wekoye alipiga saluti. Halafu akatoa pesa za mfukoni mwake, akakodi pikipiki mpaka Bungoma, kupitia Kamukuywa na Chwele, na ngoma mgongoni.

Kibanda cha Wakoli kilikuwa nyuma ya soko la Bungoma, kati ya washona magunia na muuza majeneza. Mlangoni palining'inia misalaba ya chuma na mabamba ya shaba ya mfano: ALALE PEMA, MAMA MPENDWA, nafasi ya jina imeachwa wazi. Wakoli mwenyewe alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Mulembe," Wekoye alisema.

"Mulembe muno. Kalibu, sajini, kalibu. Keti hapo." Alimwangalia kwa muda. "Wewe nilikuandikia. La mama watoto. Sasa ni miaka mitatu?"

"Minne."

"Minne! Na bamba halijabadilika langi?"

"Halijabadilika."

"Shaba yangu haibadiliki bana. Wale wa kaunti walinipa kazi ya mabamba ya ofisi, wakanilipa kwa ahadi. Wafu ndio watu wa maana. Wafu wanalipa." Akacheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

Wekoye alifunua gunia. Wakoli hakuhitaji kioo. Alikigusa kibao kwa kidole gumba, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hii ni yangu."

"Nani alikuagiza? Ni kijana anaitwa Hillary? Anauza simu hapo juu?"

"Hillally gani? Alikuwa mama."

Wekoye alikuwa ameshashika kalamu. Ilisimama.

"Mama mkubwa, amefungwa leso kichwani, amekonda mpaka mkono unaona mwanga. Alikuwa na fundi mmoja wa mlimani amemshika asianguke. Aliketi hapo hapo umeketi." Wakoli aliinuka, akatoa daftari la shule lililojaa maneno ya makaburi. Kila aliyeagiza bamba, aliandikiwa humo jinsi alivyosema, halafu akatia kidole. Alipekua mpaka Agosti ya mwaka uliopita. "Hii. Nilimwambia, mama, lete hiyo ya zamani nifananishe. Akasema ya zamani imeshaenda, iko Lwakhakha, ng'ambo ya mpaka, kwa mtu wa bendi, na ile nyingine wamenunua inataka nguo. Nikamwambia basi sema, mimi naandika. London naijua mwenyewe, kila mtu anaijua. Hilo ringine niliandika vile alisema."

Wekoye alisoma. HARROW. Chini yake, mwandiko ule ule, tarehe ile ile, palikuwa na agizo la pili: NELIMA, MKE WA MUKHISA. ALIZALIWA 1951. Mwaka wa kufa ulikuwa umeachwa wazi.

"Mabamba mawili?"

"Mawili. Nilimwuliza, hili ringine ni la nani? Akasema ni langu. Aliniambia kama mtu anaagiza chai. Ati watu wa nyumbani wataandika jina vibaya, heli aliache tayali." Wakoli alikohoa. "Alikuwa na ugonjwa wa titi. Hospitali kubwa walimwambia mashine imehalibika, aludi baada ya miezi mitatu. Na madaktali wakagoma. Kwa hiyo alijua."

"Basi pesa ya ngoma ilikuwa ya matibabu yake."

"Sio yake." Wakoli aliondoa macho, akatazama misalaba. "Mzee wake alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Walienda kwa ile kambi ya macho ya bule ya Mheshimiwa, wakapanga laini siku nzima. Alobaini wa kwanza wakapigwa picha, wengine wakaambiwa dawa imeisha. Sasa huyu mama akauza ngoma. Alisema pesa haitoshi watu wawili, na yeye ata akitibiwa ni kuongeza miezi. Mzee anaweza kuishi miaka kumi. Akamdanganya mzee ati Mheshimiwa ameita wale walibaki. Mzee angejua ni ngoma, angekataa, angekaa na giza lake."

Nje, muuza majeneza alikuwa anapiga randa. Wekoye aliandika yote kwa herufi za polepole, akihakikisha kila R na kila L.

"Na yule fundi?"

"Huyo ndiye alitafuta mnunuzi, akatafuta ile ngoma ya kufanana. Mama akamwapisha hapa mbele yangu. Alimwambia, ukisema, nitakuuliza huko mbele. Yule mtu alilia kama mtoto." Wakoli alikisukuma kibao taratibu kurudi kwenye gunia. "Alijua mzee haoni, atagusa kwa vidole tu. Ngao ni ngao. Hakufikilia ati macho yakifunguka, mzee atasoma mpaka helufi."

Wekoye alifunga kalamu.

"Sajini," Wakoli akamwita akiwa mlangoni. "Nilikosea helufi?"

"Moja tu."

"Pole."

Jumapili, watu wa Saboti walipokuwa wanatoka kanisani, Wekoye alikuwa ameketi sebuleni kwa Mzee Mukhisa. Ukutani palikuwa na kalenda ya Mheshimiwa akitabasamu, na mzee mwenyewe alikuwa amevaa kofia yenye picha ile ile. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yalikuwa safi kama ya mtoto. Alimkaribisha kwa uji wa wimbi, akauliza watu wa nyumbani, akauliza mvua ya Naitiri, na hakuuliza kesi mpaka mgeni alipoweka kikombe chini. Ndivyo heshima inavyotaka.

"Haya, mwanangu. Kijana amekubali?"

"Papa, Kipketer hakuiba."

"Sasa nani?"

Wekoye alikuwa amejipanga njia nzima kutoka Kitale. Alikuwa amepanga kuanza na kivuli cha mviringo, halafu pete ya turubai, halafu herufi. Alianza hivyo, kama faili, na mzee alisikiliza huku akitikisa kichwa, akafurahi hata, kusikia kwamba ile L yake ilikuwa ya kweli. "Walinicheka," alisema. "Uliona vile walinicheka?"

"Niliona. Hata mimi niliandika vibaya. Nisamehe."

"Hakuna neno. Endelea."

Akaendelea. Alipofika kwa Wakoli, akatoa nakala ya ukurasa wa daftari, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mezani. Mzee aliivuta karibu. Alisoma kwa kidole. Wekoye hakumsaidia. Kidole kilipita HARROW, kikashuka, kikakuta jina la pili, kikakaa hapo. Kikatoka, kikarudi.

"Hili la chini ni la msalabani," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Tulipoenda kuandikisha, tukaambiwa limeshalipwa. Nilidhani ni kanisa."

Wekoye alimwambia mengine. Hakupunguza, hakuongeza. Alimwambia kuhusu laini ya kambi na arobaini wa kwanza, na mnunuzi wa Lwakhakha, na pesa ambayo haikutosha watu wawili. Mzee Mukhisa alivua kofia, akaitazama ile picha iliyokuwa mbele, akaiweka juu ya goti uso ukiangalia chini.

"Nilimpigia kura," alisema. "Nilimwombea kanisani. Nilisimama mbele ya watu nikasema, mtu huyu amenipa macho. Na Nelima ameketi benchi la tatu. Ananitazama. Anapiga makofi."

Wekoye aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama migomba mpaka aliposikia mzee anapenga kamasi.

"Kijana analala seli kwa sababu yangu," mzee alisema.

"Anaweza kutoka leo. Nikiandika haya, kesi imekufa."

"Utaandika nini?"

"Nilivyokwambia. Kwamba marehemu mke wako aliuza ngoma bila wewe kujua, na akatengenezesha beji ya uongo."

Mzee alisimama. Hakuwa amepaza sauti tangu Wekoye aingie, lakini sasa ilijaa chumba. "Nelima? Kwa faili ya polisi? Wale wanaosoma kwa sauti jikoni?"

Wekoye alikisogeza kikombe cha uji pembeni.

"Ndugu zangu wanamtafutia neno tangu afe. Wanasema alinimaliza, aliniuzia ng'ombe na nini. Sasa serikali iwaandikie kwa muhuri kwamba alikuwa mwizi na mwongo? Yeye?" Akaketi tena, akapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Hapana. Toa karatasi. Andika ngoma niliiuza mimi."

"Papa, hiyo si kweli."

"Andika niliiuza mwenyewe, halafu nikaja kudanganya polisi."

"Hiyo ni hatia. Mkubwa anaweza kukushtaki kwa taarifa ya uongo. Yeye anataka mtu tu, hajali ni nani."

"Basi atakuwa na mtu. Mimi hapa. Kijana ana watoto wadogo, mimi nina nini cha kuharibika?" Aligonga meza kwa kidole. "Andika."

Wekoye alifungua kalamu. Miaka ishirini na moja ya kazi, hajawahi kuandika steitimenti aliyojua ni ya uongo, ingawa aliwahi kutia sahihi chini ya nyingi za wakubwa. Akageuza ukurasa. Akaandika jina, umri, kijiji. Akaandika kwamba mlalamishi anaondoa malalamiko yake dhidi ya fundi Kipketer, ambaye hakuchukua chochote.

"Uliuza lini?"

"Agosti ya mwaka jana."

"Kwa nani?"

"Mtu wa njia. Simjui."

"Kwa sababu gani, papa? Hapa lazima kuwe na sababu."

Mzee Mukhisa alifikiri. Mikono yake miwili ilikuwa imelala mezani, imetulia kabisa. Alikuwa ameokoka mwaka wa themanini na nne, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akigusa hata busaa ya harusi.

"Andika niliilewea."

"Mzee, wewe hunywi. Saboti yote inajua hunywi."

"Andika tu. Hiyo wataiamini haraka kuliko ile nyingine."

Wekoye aliandika.

"Umesema pombe gani?"

"Nimeandika pombe tu."

"Andika chang'aa," mzee alisema, akinyoosha mkono kuiomba kalamu atie sahihi. "Usije ukaniandikia bia. Bia ni ya wakubwa."